Ampli Mbili za Libérat

Jumatatu, tarehe 4 Juni 2001

Nimechoka tangu asubuhi. Mjukuu wangu Délice amesema Jumapili anapanda boti, anakwenda Bujumbura kwa mjomba wake Clovis. Huko, anasema, iko orkestra inatafuta mpiga gitaa. Hapa Kilibula gitaa yake haina kazi. Ampli ya kanisa, sanduku la kukuza sauti, askari waliibeba mwezi wa tatu, na gitaa ya umeme bila ampli ni chungu bila moto.

Mtoto huyu nilimfuta makamasi! Vita vilipomchukua mama yake, nilimshika mkono toka Nyakabere mpaka hapa. Nimebaki naye peke yake ndani ya nyumba. Sasa nimbembeleze abaki? Minye, mimi huyu? Hapana. Mwanamke wa Nyakabere habembelezi mtu.

Niko na shauri bora. Libérat, yule mwenye duka karibu na kanisa, anakimbilia Kigoma. Anatoa ampli zake mbili, kila moja kwa gunia la mchele. Mchele niko nao. Délice akipata ampli, atakwenda wapi tena?

Jumanne, tarehe 5

Kwa Libérat. Ampli mbili, zote nyeusi, zote za lampe. Lampe ni vichupa vya kioo, vinawaka ndani kama makaa. Libérat anasema hizi ni kali: unazungusha kifungo kidogo tu, gitaa inanguruma. Akawasha groupe yake, jenereta ya mafuta, ikakohoa, ikakubali. Délice akapiga ya kwanza. Akapiga ya pili. Minye nilisikia malori mawili yamekwama katika tope moja.

Délice alifunga macho. Akasema ya kwanza inauma haraka na kuachia. Ya pili, ukipiga noti, inakaa, inakungojea. Nyogokuru, akasema, ndivyo anavyoniita bibi yake, tuchukue ya pili.

Noti inakaa! Na sisi je, tunakaa? Tangu vita vianze nimekimbia mara sita. Kitu ambacho huwezi kukimbia nacho si chako, ni cha askari. Nikaomba kitenge, nikaifunga ya kwanza mgongoni. Ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Nikaifunga ya pili. Pembe zake zikanichoma figo. Basi, nikachagua ya kwanza, moyoni.

Ndipo akaingia Pudentienne. Huyu tumetoka naye kijiji kimoja, na kila nilichokishika lazima akishike. Nililima maharage, akalima maharage. Niliumwa jino, akaumwa jino. Siku hizi ni mama wa kwaya ya upande wa juu, na alikuja na gunia lake kichwani. Nikajua nikionyesha ya kwanza ataidaka. Kwa hiyo nikaikumbatia ya pili. Nikaisifu. Nikaipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge. Pudentienne akatua gunia, akasema hiyo hiyo ndiyo yake, na nisilie mbele ya watu.

Nilikunja uso. Ndani nilikuwa nacheza!

Délice alinitazama tu. Tukalipa gunia, ya kwanza ikawa yetu.

Jumatano, tarehe 6

Umeme hakuna. Délice ameuliza kama jana nilimsikia. Nilimsikia, masikio niko nayo mawili. Nikamwambia zote nyeusi, zote zinapiga kelele, asinichoshe.

Mchana majirani wakasema askari wanapita nyumba kwa nyumba, wanatafuta redio. Akili yangu ikawaka. Ampli iko wazi nyuma! Nikaigeuza uso ukutani, nikatia nyasi kavu, nikamsukumia ndani kuku wangu anayetaga. Nyumba ya kuku! Ni nani angefikiri hivyo? Pudentienne hawezi.

Askari akaingia. Akatazama. Akainama.

Akachukua kuku. Ampli akaiacha.

Nimeshinda. Kuku yule alikuwa anataga kila siku, lakini nimeshinda.

Alhamisi, tarehe 7

Umeme umerudi saa nane mchana. Délice alichomeka ampli kabla sijatoka jikoni. Kwanza ikanuka kama siku ya harusi, manyoya ya kuku yakiungua. Kisha moshi. Nyasi! Nilisahau nyasi.

Lampe moja kuku alikuwa ameipasua kwa kucha. Nyingine imekufa kwa moto. Délice hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningejua la kujibu. Alikaa chini akatoa nyasi na manyoya, moja moja, kama anayemtoa mtoto viroboto.

Nikamuuliza vichupa hivyo vinapatikana wapi.

Akasema Bujumbura.

Ijumaa, tarehe 8

Shauri jipya. Nimeifunga ampli mgongoni, nikaifunika mpaka juu, nikapanda kwa Pudentienne. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari ameuliza mtoto ana nini. Nikasema homa. Akasema mama, mtoto huyu ni mkubwa sana kubebwa. Nikamwambia baba yake pia alichelewa kutembea. Akanipisha. Mgongo wangu umekatika vipande viwili.

Pudentienne alipoona nilichobeba alicheka mpaka akakaa chini. Akaniita kwa jina, akasema, Inamahoro weye, utakufa na ujanja wako! Kisha akasema ampli yake iko bure, mpiga gitaa wao juzi amekimbilia Lemera. Niichukue. Délice apigie kwaya zote mbili, yao na yetu. Tena akasema Délice mwenyewe alipita kwake Jumanne jioni kumwomba ruhusa ya kuipigia. Na akaongeza kwamba mtoto yule hangojei ampli, anangojea mdomo wangu. Nimwambie abaki, akasema, ni neno jepesi.

Tazama mambo hayo! Nilikwenda kutafuta ampli, nikapewa mahubiri. Na kupewa kitu na Pudentienne, halafu anikumbushe mpaka kaburini? Nilikataa. Nikaaga kwa heshima. Alipokwenda kuteka maji nikarudi kwa nyuma. Yangu nikaiacha pale pale, yake nikaifunga mgongoni. Zinafanana, atajuaje?

Cha kupewa ni cha Pudentienne. Cha kuiba nimekitolea jasho.

Jumamosi, tarehe 9

Délice amepiga gitaa. Noti moja. Ikakaa. Ikakaa mpaka nikaacha kuchagua mawe katika mchele. Nilimfikiria mama yake, alivyokuwa anaimba akitwanga, tena vibaya. Sijui kwa nini.

Halafu Délice akazima. Akauliza hii imetoka wapi. Nikasema ni ile ile, nimeitengeneza. Akatia pua nyuma yake. Hakuna moshi, hakuna hata unyoya. Akaazima baiskeli ya jirani, akaifunga ampli nyuma, akairudisha juu kwa Pudentienne. Na ameomba msamaha kwa jina langu! Kwa jina langu! Bila kuniuliza! Akarudi na ile yetu iliyoungua, akaiweka mlangoni. Pudentienne, anasema, alikubali msamaha haraka sana. Najua. Alifurahi, yule.

Jioni alikunja nguo zake, akaja kukaa karibu yangu. Akasema Nyogokuru, ukiniambia nibaki nitabaki, iwe na ampli, iwe bila ampli. Neno moja tu.

Neno lilikuwa hapa, kooni. Nililisikia kabisa.

Nikamwambia hajafagia uwanja.

Akafagia. Kisha akamaliza kufunga mfuko wake.

Jumapili, tarehe 10

Nimemsindikiza mpaka ufukweni. Mfuko nimebeba minye, nilikataa asiuguse. Njiani nilikuwa nahema tu. Watu walikuwa wengi, wote na vifurushi, wote wanatazama maji.

Boti haikuondoka. Risasi zinapigwa ziwani, upande wa kaskazini. Mwenye boti amesema warudi Jumanne.

Tumerudi nyumbani. Délice amejinyoosha kwenye mkeka. Nikinyoosha mkono namfikia. Ameniuliza, macho yake kwenye bati, kama niko na kitu cha kumwambia mbele ya Jumanne. Nikasema niko nacho, ngoja kwanza nikipange vizuri. Akageuka kunitazama, akatabasamu. Siku nyingi sijaona meno yake.

Sasa amesinzia, na minye nimekwisha kupanga. Siku mbili zinatosha kabisa, kama sitapoteza wakati na maneno. Iko muntu kule Mulongwe anayetaka kuachana na piano ya umeme, na mchele uliobaki anaupenda. Kesho alfajiri, mbele Délice hajaamka, nitakuwa njiani.

Délice hajui kupiga piano.

Atajifunza.