Mshindi wa Ukurasa wa 87

Jumatatu, 12 Juni 1995
Nakala mia nne za kitabu changu ziko tayari. Kathibitisha Nestory, mchapaji. Mwezi wa tatu tangu niache gazeti. Rutashobya, niliyemfundisha kazi na sasa ndiye mhariri, anasema kiti changu bado kipo, karibu na choo. Sirudi. Nimeandika historia ya ngoma ya Usagara ya mwaka 1958, vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma, Wagika na Wagalu, vikishindana. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Mzee Ndalahwa ameniapia walishinda Wagalu. Alikuwepo. Nimeandika hivyo.

Jumanne, 13 Juni
Nimepeleka nakala Kisesa. Shimba mwenye duka hakufungua hata jalada. Aliuliza tu nani kashinda. Nilipomjibu, akasema yeye ni Mgika, na kwamba siku ile Wagalu walitazamwa na mbuzi watatu na mama mwenye kuni. Akanitazama, mimi Mhaya, akaongeza: Mhaya na ngoma ya Wasukuma wapi na wapi.
Nusu ya Usukuma haitanunua. Ila mshindi anatajwa ukurasa wa 87 tu.

Jumatano, 14 Juni
Nestory kabandika ukurasa mpya kwenye nakala mia mbili. Humo Wagika wameshinda. Akauliza kama huu ndio uandishi wa habari. Nikamweleza kuwa ni kusikiliza pande zote mbili. Nyuma ya nakala hizo nimeweka alama ya penseli nisijichanganye.

Alhamisi, 15 Juni
Bujora, siku ya ngoma. Shikamoo kwanza, kisha namuuliza mzee anashangilia upande gani, kisha natoa kitabu. Hadi jioni nimeuza 131. Mume na mke wamenunua kila mtu chake, Luhaga na Tereza. Familia ya wasomi!

Ijumaa, 16 Juni
Luhaga ni Mgika. Tereza ni Mgalu. Wamefika mlangoni asubuhi na vitabu vyote viwili, vimefunguliwa ukurasa wa 87. Luhaga hajapewa uji tangu jana. Akauliza kwa upole nani alishinda. Nikasema utafiti unaendelea. Tereza akasema basi twende kwa Ndalahwa. Tumeenda. Mzee kakohoa sana, kisha akakiri kuwa siku ile alikuwa kalazwa hospitali Sengerema. Habari alipewa na shemeji yake.

Jumamosi, 17 Juni
Luhaga na Tereza wamevifikisha vitabu gazetini, na Rutashobya kachapa kurasa zote mbili za 87 kwenye ukurasa wa kwanza, bega kwa bega. Kichwa cha habari kifupi, kama nilivyomfundisha. Nimeuza 131. Zimerudishwa 133. Mbili nilikuwa nimempa Ndalahwa bure.
Nimekubali kiti. Naripoti Jumatatu saa mbili.
Lakini Nestory ana kinasa sauti. Nimekaa na kaseti tupu mkononi mchana kutwa nikiigeuzageuza. Ina pande mbili. Wagika watashinda upande A, Wagalu upande B, na hakuna ukurasa wa 87. Tunarekodi Jumanne saa nne. Ruhusa ya malaria nitaiomba Jumatatu.