Uzinduzi wa Nyumba ya Siri ya Mushtarii

Mtukufu Gavana wa Babeli, uliyeniteua kwa jicho lako lisilokosea; Waheshimiwa makuhani wa Marduk; wanajimu, wazee kwa vijana; wauza tende mliofunga maduka kwa hiari baada ya kuamrishwa; na mama Nuptaya, ambaye naona bado analia: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Mimi Rimut, Msimamizi Mkuu wa Makao ya Sayari, nasimama kifua mbele. Mababu zetu, katika kuzitazama nyota, waligundua kwamba kila sayari ina mahali pake pa kutukuka, wakapaita nyumba ya siri. Zuhura hutukuka penye kundi la nyota la Samaki, Zohali penye Mizani, na Mushtarii, nyota ya mungu wetu Marduk, penye Kaa. Kwa nini Kaa? Wataalamu wanabishana mpaka povu linawatoka. Mimi nasema alipendekeza babu yangu mzaa baba. (Vicheko. Askari anageuka. Makofi.)

Basi ofisi yangu, kupitia mchakato shirikishi wa upembuzi yakinifu uliohusisha wadau wote ambao ni mimi na shemeji yangu, ikabaini jambo la aibu: nyumba hiyo inatajwa tangu enzi na enzi, lakini haijawahi kujengwa! (Mnajimu mzee Mushezib: "Lakini Mheshimiwa, hiyo nyumba ni sehemu ya anga! Ni pale penye Kaa!") Kaa wewe, mzee! Kaa chini, maswali baadaye. Ndiyo maana tukabomoa nyumba ya mama Nuptaya, iliyokuwa imekaa kimkakati, tukachukua matofali yote, na leo natangaza kwamba utekelezaji umefikia sitini na mbili kwa sitini, yaani tumepita lengo! (Nuptaya: "Iko wapi sasa? Wanangu wanalala nje, we baba!")

Punguza jazba, mama yangu. Nyumba ya siri ikionekana, itakuwa siri tena? (Zogo. "Mwizi!" Askari wanakohoa.)

Marduk juu! (Juu!) Mushtarii juu! (Juu!) Gavana juu zaidi! (Juu kabisa!)

Nawashukuru nyote kwa kuja kuzindua kiwanja hiki kitupu. Na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, mama Nuptaya: mke wangu anayasifu mno matofali yako, nyumba yetu mpya kule mtoni haina hata ufa. Ukipita, bisha hodi. Mlango ni ule ule wako.