Mashine Isiyojua Kufeli

Jumatatu, 4 Machi
Kikao cha maabara. Profesa katangaza: mkataba umebaki wa mtu mmoja, mimi au mwenzangu Mama Chupa. Atakayeleta fuwele inayonyonya gesi chafu nyingi kuliko zote kufikia Ijumaa ndiye anabaki. Fuwele zetu zina vitundu visivyoonekana kwa macho; gesi inaingia humo na kutulia. Mama Chupa anazipika moja moja kwenye oveni, kwa subira ya kutia usingizi. Mimi nitaifundisha kompyuta mapishi yote ya maabara, ichague yenyewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikishindwa, mke wangu kasema kazi ipo: kuuza misumari dukani kwa kaka yake. Mimi, nitumwe na shemeji!

Jumanne, 5 Machi
Nimeilisha mashine rekodi zetu zote za nyuma. Nikaiuliza kuhusu mapishi mapya, ikajibu karibu yote yataharibika. Kisirani gani hiki? Kuchungulia, kumbe rekodi nyingi ni za mapishi yaliyofeli, na nyingi kaziandika Mama Chupa. Tope. Unga. Tope tena. Mtu anahifadhi hata aibu zake! Nimezifuta zote kwenye somo la mashine. Haiwezi kujifunza huku inavunjwa moyo. Sasa kila ninachouliza, inasema kitafaulu. Nikaijaribu kwa sukari ya chai ya ofisini. Nayo itafaulu. Nimeridhika kabisa.

Jumatano, 6 Machi
Mama Chupa kaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama mashine imeyaona na yaliyofeli. Nikamjibu kwamba mashine haina haja ya habari mbaya. Akasema mtoto asiyekatazwa ataunguza nyumba, akarudi kuosha chupa zake. Wivu tu. Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepika pishi namba moja la mashine. Nimejaza rafu zote za oveni isipokuwa moja, ya Mama Chupa. Hata hakunung'unika. Inakera sana kushindana na mtu asiyenung'unika.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekiona cha mtema kuni. Nikafungua chupa mbele ya Profesa: tope la kahawia, limeganda chini, linanuka kama soksi. Profesa akauliza hiki ni nini. Nikasema fuwele bado zina haya. Hakucheka. Mama Chupa akachungulia, akasema pishi hilohilo alilipika mwaka jana, likatoka hivihivi, na aliliandika. Fuwele zake mwenyewe zilikuwa nyeupe, zikanyonya gesi vizuri. Profesa kasema atatoa jibu Jumatatu, ila nisijipe matumaini. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumamosi, 9 Machi
Sikupata usingizi kwa kuwaza mkataba. Mwishowe nikaiuliza mashine. Nikaipa historia yangu yote kazini, ikasema nafukuzwa. Nikakagua, kasoro nikaiona mara moja: nilikuwa nimeiwekea makaripio ya Profesa, asidi niliyomwaga, na mambo ya jana. Takataka hizo ndizo zinaipotosha. Nimezifuta. Zimebaki salamu za asubuhi na siku ile Profesa aliposifu shati langu. Sasa inasema si kwamba nabaki tu, napandishwa na cheo. Mchana nimetoka kununua mapazia ya ofisi yangu mpya.