Mgomba Uliozikwa kwa Niaba Yangu

Walisema sitafika uwanja wa ndege. Nikafika. Walisema diploma ya masoko ni ya watoto wa matajiri. Ninayo, imetundikwa ukutani, imewekewa kioo. Walisema nyumba nitajenga ndotoni. Nyumba hii hapa Ikonge, vyumba sita, mabati ya bluu, unaiona ukiwa sokoni. Na Ombati, jirani yangu wa ng'ambo ya shamba la chai, alitangaza mbele za watu kwamba mimi Mokaya nitarudi nyumbani ndani ya jeneza tu.

Marafiki zangu, leo nusura nimpe Ombati haki yake. Leo nimeaibika mpaka mgomba umehusishwa. Nawaomba msome hadi mwisho ndipo mcheke.

Mnajua nilikaa nchi ya theluji miaka tisa, kazi yangu ikiwa kufungasha samaki ghalani. Kila Ijumaa wenzangu wanne tuliokaa nao nyumba moja walinikaribisha kwenye mchezo wa kuigiza wa mezani. Hakuna jukwaa, hakuna watazamaji. Mnaketi, kila mtu anajifanya mtu mwingine, msimuliaji anawaambia mmefika wapi na mmekutana na nini, halafu dadu inaamua kama mtapona. Chai, dadu na watu. Basi.

Kule nilikuwa na watu wanne. Hapa nina vyumba sita.

Niliporudi niliagiza meza ya mninga yenye viti vinane. Kimoja ninakikalia. Saba bado vina nailoni.

Nikaona, kwa nini nisianzishe mchezo hapa kwetu? Nikaandika kisa changu mwenyewe, kurasa sitini. Shujaa anampenda msichana wa milima ya chai, anaondoka kutafuta mali bila kumuaga, anafia mbali. Kaburi linamkataa. Anaamka, anatembea akiwa mfu mpaka kwao, na hawezi kulala tena mpaka kila anayemdai amtazame usoni na kusema, "Nimekusamehe." Shujaa nilimpa jina langu. (Kwa nini nihangaike kutafuta lingine?)

Kilichobaki kilikuwa kupata wachezaji wanne. Jana jioni nikatengeneza tangazo, nikalituma kwenye kikundi cha simu cha kijiji. Chuoni tulifundishwa kwamba tangazo livute macho kwanza, maelezo yafuate. Nikaweka picha yangu, nyeusi na nyeupe. Pembeni nikaweka mshumaa. Juu nikaandika kwa herufi kubwa:

"SHUJAA MOKAYA AMETUTOKA. Alipenda, akaenda mbali, akafa kabla ya kuaga. Njooni tumsindikize safari yake ya mwisho. Ijumaa asubuhi, nyumbani kwake, Ikonge."

Maelezo yalifuata, kama tulivyofundishwa. Yalikuwa chini ya mshumaa, kwa herufi ndogo za kijivu: mchezo wa mezani, nafasi nne.

Kisha nikazima simu ili niingie kwenye hali ya ufu. (Ndiyo, nilisema hivyo, peke yangu, kwa sauti.)

Leo asubuhi nikafungua geti mapema ili wachezaji wasihangaike. Nikaingia chumba cha nyuma kujiandaa. Unga wa ngano usoni. Masizi kuzunguka macho. Shuka jeupe begani. Kofia ya chuma sina, nikavaa sufuria ndogo. Nikaweka vidude vya masikioni nisikilize mlio wa upepo kutoka kwenye kompyuta, nikawa nafanyia mazoezi sauti ya kaburini. Nilifanya mazoezi kwa muda wa karibu saa mbili.

Nilipotoa vidude nikasikia watu. Watu wengi! Nikafunua pazia kidogo. Jamani, uwanja wangu ulikuwa umejaa! Watu arubaini au zaidi. Viti. Turubai. Moto umewashwa, masufuria yamepangwa, ndizi zinamenywa. Mbona hawakubisha mlango? (Baadaye nilielewa. Mwenye nyumba amekufa, maiti wanadhani iko njiani kutoka mochari, nani abishiwe?)

Nilitetemeka kwa furaha. Nilitafuta wanne, wamekuja arubaini! Nikaangalia diploma yangu ukutani, nikaipigia saluti.

Kina mama walikuwa wakiimba nyimbo za huzuni. Nikasema, hawa wameleta hata muziki. Wengine walikuwa wakilia. Nikasema, hawa wamesoma tangazo wakaingia moja kwa moja kwenye hadithi. Vijana walikuwa wakichimba ardhi karibu na mlango. Nikasema, wanaandaa mandhari. Chini ya dirisha nikamsikia mzee wa kanisa akizungumza na Ombati.

"Mwanaume mwenye boma huzikwa mkono wa kulia wa mlango," alisema mzee.

"Boma gani, omogaka?" Ombati akamuuliza mzee. "Mke hana. Mtoto hana. Hata kuku hana. Hii ni nyumba tu."

"Sasa tumweke wapi?"

"Ningesema pale kwa tangi la maji. Hatasumbua mtu. Hajawahi kumsumbua mtu."

"Vijana wameshaanza hapa. Acha amalizie hapa. Ingia uwasaidie."

Nikafikiri, huyu Ombati anaigiza vizuri, ila maneno yake yana miiba. Nikarekebisha sufuria kichwani, nikavuta pumzi, nikasukuma mlango kwa mguu.

"Ni mimi Mokaya!" nikanguruma. "Nimefia mbali! Nimetembea usiku na mchana! Sitalala mpaka kila anayenidai anitazame usoni!"

Mwiko ukaanguka.

Waimbaji wa sauti ya kwanza walipanda juu, hawakushuka tena. Mzee wa kanisa aliruka ua wa michongoma. Ule ua ni mrefu, na yule mzee anatembeaga na fimbo. Fimbo aliiacha. Watu waliingia kwenye chai, mistari yote, ukaona vichwa vinakatiza majani kama wanaogelea. Ombati peke yake hakuweza kukimbia kwa sababu alikuwa ndani ya shimo, udongo ukimfika kifuani. Alijaribu kupanda mara tatu, akateleza mara tatu.

"Mokaya, ndugu yangu!" akalia. "Mimi nilichimba tu! Nilitumwa!"

Na mimi, msomi, nilifanya nini? Nilipiga makofi. "Vizuri sana!" nikawapigia kelele waliokuwa kwenye chai. "Lakini rudini! Bado hatujarusha dadu!" Nikawakimbilia, shuka linapepea, dadu mkononi. Ndipo wakaongeza mwendo.

Nikarudi nikihema. Uwanja mzima ulikuwa umebaki na mtu mmoja kwenye kiti. Magokoro Nyaboke, bibi yetu wa nyumba ya chini, ambaye magoti yake hayakimbii tena. Alikuwa ameshika kikombe cha chai ya maziwa, ananitazama kuanzia sufuria mpaka viatu.

"Wewe Mokaya, umekufa au hujafa?"

"Sijafa, magokoro."

"Sogea nikuone. Hiyo ni unga?"

"Ni unga, magokoro."

"Basi kama uko hai, nijibu. Mzee wangu alipokufa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa nyumbani. Nilituma mchango kwa simu."

"Simu ilibeba jeneza?"

Ndipo nikaangalia vizuri. Viti vilikuwa na jina la kanisa mgongoni kwa rangi nyekundu. Kuni zilikuwa za watu, zimefungwa mafungumafungu. Maziwa yalikuwa kwenye mitungi ya nyumba tofauti. Na lile shimo halikuwa mandhari.

Nikawasha simu. Ujumbe zaidi ya mia. "Poleni familia." "Mungu aifariji familia." "Familia mjipe moyo." Familia ni mimi. Wazazi walishatangulia, na nilizaliwa peke yangu. Mmoja nikamjibu "asante" kabla sijafikiri.

Mnajua kilichoniuma? Hakuna hata mmoja aliyeandika, "Haiwezekani, nilimwona juzi." Wiki mbili hakuna aliyekuwa ameniona nikiwa hai.

Watu walirudi polepole, kwanza vijana, kisha kina mama, mzee wa kanisa mwisho, kupitia getini safari hii. Nilieleza mchezo, shujaa na msichana wake. Nikaonyesha herufi ndogo za kijivu. Mama mmoja aliisogeza simu puani, akakunja shingo, akaniuliza kama herufi zile ni za sisimizi. Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka Nyansiongo. Ombati, ambaye walikuwa wamemtoa shimoni kwa kamba ya ng'ombe, alicheka mpaka akaketi chini.

Nikadhani yameisha. Wapi!

"Shimo la maiti halifukiwi likiwa tupu," alisema mzee wa kanisa, fimbo yake imerudi mkononi. "Likibaki hivi litamtafuta mtu."

"Tufanyeje?" nikauliza.

"Kateni mgomba."

Wakakata mgomba wangu mmoja, ule wa pembeni. Urefu walinipimia mimi, nikiwa nimesimama, unga usoni. Wakauvika shuka langu. Wakaushusha kwa adabu. Mzee akavua kofia, na mimi nikavua sufuria.

"Sasa," akasema, "mmoja aseme neno juu ya marehemu."

Najua ulikuwa mgomba. Lakini nilinyoosha mgongo. Nilijua watasema nini, safari yangu, diploma, nyumba. Nilikuwa tayari kuonekana mnyenyekevu.

Walitazamana.

"Marehemu," Ombati akaanza, akajikuna shingo. "Marehemu alikuwa na... geti zuri."

"Na taa za nje," akaongeza mama mmoja. "Zinamulika mpaka kwangu."

Nikasubiri la tatu. Watu wakaangalia viatu vyao. Hakuna aliyekuwa na ubaya nami. Walikuwa wanatafuta kweli, nyuso zao zilionyesha, na hawakupata kitu. Hiyo ndiyo aibu yangu ya leo. Ile ya sufuria ni ndogo.

Kisha sauti ikatoka nyuma kabisa. "Zamani alikuwa anacheka vizuri."

Alikuwa Moraa, mwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni, ameshika chupa ya chai. Huyu Moraa ndiye msichana wa milima ya chai, kama mnataka kujua kisa changu nilikitoa wapi. Mwaka nilioondoka aliniazima begi lake la magurudumu, begi jipya, nikaenda nalo uwanja wa ndege na sikumuaga. Nilipanga kumpigia nikifika. Nilipofika nikapanga kumpigia nikifaulu. Nilipogeuka leo kumtafuta, alikuwa ameshaondoka.

Ombati akanipa jembe. "Jifukie," akasema.

Nikajifukia.

Ndizi zilikuwa zimeiva, kwa hiyo tulikula. Kisha watu wakatawanyika na kuacha vyombo. Kwetu msiba ukiisha, wenye msiba ndio hurudisha vitu walivyoazimwa, mlango kwa mlango. Na kama nilivyosema, wenye msiba ni mimi.

Nimeshinda leo nikisukuma wilibaro. Viti vya kanisa, safari nne. Masufuria kwa kina mama watatu. Turubai, mitungi, kamba ya ng'ombe. Jembe kwa Ombati, ambaye alinikaribisha uji na kunionyesha ndama wake kwa majivuno (ndama wa kawaida tu, lakini nilimsifu). Kila boma nililoingia lina kaburi ambalo sikuwahi kuliona likichimbwa. Kwa kila moja nilikuwa nimetuma mchango kwa simu, na kwa kila moja nilikuwa nimejiona mtu mzuri.

Kwa Magokoro Nyaboke nilirudisha kikombe na kiti. Akanishika mkono tukaenda taratibu mpaka kwa mzee wake, kando ya migomba. Tukasimama. Nikasema, "Pole, mzee, nimechelewa."

Magokoro akatikisa kichwa. "Amesikia. Alikuwa mgumu wa masikio, lakini hiyo amesikia."

Nikarudi nyumbani, nikapanda juu ya kabati, nikateremsha begi. Vumbi la miaka. Gurudumu moja limevunjika. Nikalisukuma hivyohivyo mpaka sokoni, linapiga kelele, watu wanachungulia. Moraa alikuwa anafunga duka.

"Nimeleta begi," nikasema.

Akalizungusha. Akaangalia gurudumu. "Hili ulilivunjia wapi?"

"Mbali." Nikasimama pale kama mtu wa kurasa zangu sitini, na maneno niliyomwandikia shujaa, yote mazuri, yakapotea. "Moraa, nisamehe."

"Nilikusamehe mwaka uleule," akasema. "Nilikuwa nalitaka begi langu."

Akaliingiza ndani. Akafunga kufuli. Kisha akageuka, ufunguo mkononi. "Yule msichana wa kwenye mchezo wako. Nafasi yake umempa nani?"

"Bado hakuna mtu."

"Usimwandike analia sana." Akaenda zake.

Nimeketi mezani sasa, unga bado uko masikioni. Vya watu vyote nimerudisha, hata vile nilivyokuwa nimesahau kwamba vinadaiwa. Hadithi yangu nimeisoma upya. Machozi ya msichana nimeyafuta, kurasa kumi na moja zimeondoka, na sasa imekuwa nzuri.

Anayetaka kunicheka sikatai. Ila aje anichekee hapa mezani. Vile viti saba nimevitoa nailoni.