Kipara cha Jenerali

Siku Chuwang Dalyop alipomwona Jenerali kwa mara ya kwanza, mbwa yule alikuwa na miezi minne, uso hauna unywele hata mmoja, mwili umejaa vidonda, na anaburutwa kwa kamba kwenda kwa wapishi wa supu ya mbwa pale Bukuru. Watu waliziba pua. Chuwang, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho na alijisifu kwa hilo, aliangalia miguu tu. Ilikuwa minene kama ya meza ya kanisa.

"Nipe nikakuzikie," alimwambia mwenye mbwa kwa sauti ya msiba. Akapewa bure.

Daktari Nenrit wa mifugo, mama asiyecheka ovyo, alimpima mbwa na kuandika kadi.

"Vijidudu hivi kila mbwa anavyo kwenye ngozi," alisema. "Mwenye kinga nzuri havimfanyi kitu. Huyu kazaliwa na kinga dhaifu. Atapona, ila asizae. Umenisikia, Chuwang?"

"Nimekusikia, Daktari."

Alisikia "atapona". Baada ya hapo masikio yalikuwa na shughuli nyingine.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Jenerali akawa na manyoya ya kung'aa na kifua cha kutisha wezi. Chuwang akampigia mahesabu. Jos nzima, kila mwenye geti kubwa alitaka mbwa kutoka uani kwa Ngo Kangyang, nesi mstaafu wa Rayfield. Mwaka huo bibi huyo alikuwa na jike kijana, Sarauniya, mzuri mno, anayetafutiwa dume. Watoto wa Jenerali wakizaliwa uani pale, nani angeuliza kuhusu kipara?

Basi Chuwang akavaa shati la Jumapili, akapanda pikipiki yake nyekundu, kitu pekee duniani alichokipenda kwa dhati na kukiosha kwa sabuni ya kuogea, akaenda.

"Utotoni aliugua nini?" Ngo Kangyang aliuliza, hata kinywaji cha kunu hakijamiminwa.

"Mama, wewe ni nesi. Mtoto akiugua surua akapona, utamnyima mke?"

"Kwa hiyo aliugua?"

"Aa! Nasema kama angeugua. Huyu hajapiga hata chafya."

"Niandikie basi. Mzima tangu utotoni. Weka sahihi."

Chuwang akaandika kwa mwandiko wa kupendeza. Akaonyesha picha mbili kwenye simu, Jenerali wa miezi miwili, aliyoiomba kwa yule mwenye mbwa wa kwanza, na Jenerali wa mwaka mzima, huku akiomba Mungu asiulizwe ya katikati. Hakuulizwa. Ngo Kangyang naye akaleta albamu yake: Sarauniya mchanga amekaa ndani ya beseni. Kisha akalamba kidole, akageuza kurasa mbili kwa mpigo, na Sarauniya akawa mkubwa. Chuwang hata hakuona. Alikuwa bado anamshukuru Mungu.

"Mgongo wangu umechoka, mwanangu," bibi alisema. "Kulea watoto wa mbwa siwezi tena. Wakizaliwa, wote chukua wewe. Mimi niachie hiyo pikipiki."

Chuwang akaubana ufunguo mfukoni. Lakini alikumbuka Desemba, vigogo wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na kununua mbwa bila kuuliza bei. Jenerali alinyonyoka akiwa na miezi minne. Watoto wangezaliwa Septemba, wangeuzwa wakiwa na miezi mitatu, na kipara kiwakute huko huko kwenye nyumba za watu. Akakabidhi ufunguo, akarudi kwa miguu huku akipiga mluzi. Masikini, alimwonea huruma yule mzee!

Walizaliwa tisa, mabonge ya mbwa. Oktoba wateja walikuja, akawafukuza. Desemba, jamani, Desemba!

Wiki ya mwisho ya Novemba mmoja aliamka na doa la upara juu ya jicho. Kufikia Ijumaa wote tisa walikuwa kama viazi vilivyomenywa. Chuwang akawapakia kwenye beseni, akajitwika kichwani, akatembea mpaka kwa Daktari Nenrit.

"Lakini hata miezi mitatu hawajatimiza!" alilia.

Daktari akachomoa kadi mbili. Moja ya Jenerali. Nyingine ya Sarauniya.

"Wamerithi kwa baba na kwa mama, ndiyo maana wamewahi. Na yule bibi nilimwambia maneno yale yale niliyokuambia wewe."

"Si kama surua tu, Daktari?"

"Surua inampata yeyote aliyekaa na mgonjwa. Hii inampata aliyezaliwa na udhaifu. Wewe umeozesha udhaifu kwa udhaifu, halafu ukashangilia harusi."

Chuwang alimkuta Ngo Kangyang kibarazani, kofia ya pikipiki kichwani.

"Mama, umenitapeli! Sarauniya aliugua!"

"Uliniuliza?"

Chuwang akaikumbuka siku ile. Hakuuliza. Angeulizaje, na yeye aliogopa swali hilo hilo?

"Nitakushtaki!"

"Nenda. Karatasi yako ninayo, na Daktari ana kadi. Sarauniya nimeshamfunga kizazi, tamaa yangu imeishia kwa hao tisa." Akawasha pikipiki. "Na mtoto akiugua surua akapona, mwanangu, utamnyima mke?"

Wapishi wa supu walikuja na kamba. "Tisa kwa mpigo, na nywele zimeshatoka!" Chuwang aliwatukana mpaka mtaa wa pili, kisha akakata sweta lake pekee na kuwavika wale watoto, maana baridi ya harmattan, upepo mkavu wa jangwani, ilikuwa inawatetemesha, na yeye ilimuumiza roho kuwatazama.

Desemba ishirini, kigogo mmoja kutoka Abuja alisimamisha gari getini. Alimtaka Jenerali kwa jike lake, bei yoyote.

Chuwang akakohoa. Shati la Jumapili lilikuwepo, na ulimi ulikuwa tayari. "Bosi, huyu ni mzima tangu..."

Mlango ukasukumwa. Tisa wakatoka mbio, vipara watupu, wamevaa vipande vya sweta, mikia inacheza.

"Na hawa baba yao nani?" kigogo akauliza.

Jenerali akainuka, akawalamba kichwani mmoja mmoja, wote tisa, bila kuruka hata mmoja. Kwenye barabara nje honi ikalia mara mbili, pikipiki nyekundu ikapita.