Sindano Inayosubiri Maoni

Ofisi ya Mradi wa Sindano Bora Mlimani ilikuwa na furaha kubwa kuwatangazia wananchi wote, kuanzia Njoro hadi vijiji vya juu kabisa vya Uru na Kilema, kwamba mafunzo ya kuchoma sindano yaliyopangwa kuchukua wiki mbili sasa yalikuwa yameingia wiki ya kumi na moja, kwa mafanikio makubwa.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa Rajendra, mjini Moshi, mwezi wa pili mwaka 1995. Aliyeliandika ni Bwana Eliufoo, Mratibu wa Tathmini, na aliliandika kwa moyo safi. Zamani alikuwa karani wa ghala la mbolea. Ghala lilipofungwa, aliingia kwenye miradi, kama walivyofanya watu wengi wenye akili. Akapelekwa Ulaya kwa semina ya siku kumi na mbili, akarudi na begi jeusi na kitu kiitwacho Tathmini ya Kimaendeleo.

Tathmini ya kawaida, alivyoieleza yeye, ni ya wavivu. Inangoja mafunzo yaishe ndipo iulize kama watu wamejifunza. Tathmini ya Kimaendeleo haingoji. Inakaa humo humo darasani, inaona kasoro asubuhi, na mchana mafunzo yanabadilika. Ni jambo zuri sana. Lina pia uzuri mwingine ambao Eliufoo hakupenda kuutaja: mafunzo yanayobadilika kila siku hayaishi, na yasipoisha, Mratibu hanyang'anywi gari. Jumatatu wangefika wageni kutoka ng'ambo kuamua kama Mradi uongezewe miaka mitatu. Kilichotakiwa ni kwamba siku hiyo wayakute mafunzo bado yanaendelea.

Na yalikuwa yanaendelea. Siku ya kwanza wahudumu wa afya mia mbili na arobaini walijifunza kwa kuchoma machungwa. Eliufoo akatathmini, akaona machungwa yanatoka Tanga na hayajui mazingira yetu. Mchana zikaletwa ndizi mshare za hapa hapa mlimani. Wiki ya tatu akagundua kasoro kubwa zaidi: ndizi zilikuwa zinachomwa bila kuulizwa. Ndipo Toleo la Sita la Mwongozo wa mafunzo likaanzisha cheo cha Msemaji wa Ndizi. Wahudumu mia na ishirini wakawa wanachoma, na mia na ishirini wanaeleza ndizi inavyojisikia. Wiki ya tano Wasemaji wa Ndizi wakadai mafunzo yao wenyewe, wakapewa. Kila siku mchana watu wote walikula mtori, supu nzito ya ndizi, maana ndizi iliyokwisha kutoa maoni haikuwa na kazi nyingine.

"Mtori wa leo una maji," alilalamika Wenseslaus wa Kilema, msemaji hodari kuliko wote.

"Ni ya sindano hayo," akajibiwa. "Kunywa, umeyasemea mwenyewe."

Asiyeridhika alikuwa mmoja tu, Nesi Flavia wa Uru. Alhamisi alisimama bila kunyoosha mkono.

"Bwana Mratibu, tunamaliza lini?"

"Nesi Flavia, hilo ni swali la tathmini ya zamani."

"Mimi nimechoma sindano miaka kumi na tisa. Ufunguo wa zahanati ya kwetu ninao hapa." Akautoa kwenye mkoba, akauinua juu. "Watu wanafika wanakuta kufuli. Juzi mtoto wa jirani yangu ametelemshwa mpaka mjini mgongoni kwa mama yake, anawaka homa. Nikiondoka kabla hamjafunga mafunzo, mnanifuta kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuchoma. Sasa nifanyeje?"

"Tumelipokea," alisema Eliufoo, akaandika. "Litaingia Toleo la Kumi na Tano."

"Mtoto?"

"Maoni."

Mlangoni Rajendra, mwenye ukumbi, alikuwa anamsubiri na kadi ya harusi mkononi. "Bwana Eliufoo, Jumamosi binti yangu Isha anaolewa. Nimealika watu mpaka Nairobi. Ukumbi wangu, harusi yangu, lakini ndani kuna mikungu ya ndizi! Unatoka lini?"

"Mzee Rajendra, na wewe ni mdau. Jaza fomu."

"Nimejaza sita!"

Ijumaa asubuhi Eliufoo aliamka anatetemeka. Alipimwa damu, ikaonekana ni malaria, akaandikiwa sindano tatu. Angeweza kuchomwa pale pale alipopimiwa. Lakini Mratibu wa wachoma sindano mia mbili na arobaini akichomewa kwingine, wageni wakisikia watasemaje? Akaja ukumbini na dawa yake mfukoni.

"Nani ana uzoefu zaidi?" aliuliza, meno yakigongana.

Wote wakamtazama Nesi Flavia.

Ndizi zikasogezwa, pazia likavutwa, Eliufoo akalala kifudifudi mezani. Nesi Flavia alinawa mikono, akavuta dawa, kisha akafungua Mwongozo, Toleo la Kumi na Nne.

"Hatua ya kwanza. Kwa kipimo cha moja hadi tano, unajisikiaje kuhusu sindano unayotarajia?"

"Nne. Choma."

"Kwa nini siyo tano?"

"Nesi, mimi ni mgonjwa!"

"'Ana changamoto za kiafya,'" aliandika Flavia pole pole. "Hatua ya pili. Ingiza sindano nusu." Akaingiza nusu. Akasimama. "Hatua ya tatu. Tunatafakari."

"Tunatafakari nini?"

"Kipi kimekwenda vizuri, na kipi kibadilike kabla ya nusu ya pili."

"Malizia tu!"

"Bila maoni ya Msemaji siruhusiwi. Wenseslaus!"

Wenseslaus akaingia ndani ya pazia, akaweka mkono begani kwa Mratibu, akafumba macho kama alivyofundishwa.

"Mimi ni tako la Bwana Mratibu," alisema kwa sauti nzito. "Nimefurahi kushirikishwa. Ila naona kama mchakato umesimama."

"Mtoe huyo kichaa!"

"Msemaji anaomba asikatizwe," alisema Flavia. "Anaendelea?"

"Naendelea. Ningependa tuunde kamati ndogo."

Nje ya pazia wahudumu walianza kuchagua wajumbe. Sindano ilikuwa imesimama pale kama msumari kwenye gogo. Eliufoo alitoka jasho, na halikuwa la malaria.

"Flavia mama yangu. Kule Uru ulikuwa unachomaje?"

"Kule? Pamba, sindano, pole, nenda nyumbani."

"Nifanyie hivyo."

"Mwongozo unakataza. Unasema utatumika mpaka mafunzo yatakapofungwa rasmi."

"Na anayefunga ni nani?"

"Wewe. Hati iko kwenye begi lako, karatasi ya chini kabisa. Haijawahi kutoka."

Eliufoo aliwafikiria wageni wa Jumatatu. Akaifikiria miaka mitatu, akalifikiria gari. Wenseslaus akamgusa bega tena, akasema kwamba tako lina jambo la nyongeza.

"Leteni hati!" alipiga kelele Eliufoo. "Kalamu iko wapi?"

Mkono ukapenya kwenye pazia, na kalamu ikiwa wazi tayari. Ulikuwa wa Rajendra.

Akatia sahihi hivyo hivyo, kidevu kikiwa juu ya meza. Kabla wino haujakauka Nesi Flavia alikuwa amekwisha kubonyeza pamba.

"Pole. Tayari."

"Tayari nini?"

"Nimemaliza. Ya pili ni kesho saa mbili, zahanati, Uru. Uwahi, maana nina watu wa wiki kumi na moja."

Watu mia mbili na arobaini wakapiga makofi, wakachukua mabegi yao wakaondoka. Eliufoo alikuwa bado mezani wakati vijana wa Rajendra walipoanza kumpitishia maua juu ya kichwa. Dereva naye akaja kuomba saini nyingine: kwa kanuni aliyoiandika Mratibu mwenyewe, gari hurudishwa siku mafunzo yanapofungwa.

Jumamosi alipanda Uru kwa miguu. Pikapu ya abiria ilikuwepo, lakini nafasi iliyobaki ilikuwa ya kukaa. Alifika saa nne, akakuta foleni imezunguka zahanati mpaka kwenye shamba la kahawa. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoa daftari. Akamwinamia bibi aliyekuwa mbele yake, mjukuu mgongoni.

"Shikamoo bibi. Kwa kipimo cha moja hadi tano, foleni hii unaionaje?"

"Marahaba." Bibi alimtazama kuanzia viatu mpaka daftari. "Wewe baba, umekuja kama mgonjwa au kama mradi?"

Lilikuwa swali la haki. Eliufoo alirudisha daftari mfukoni.

"Mgonjwa, bibi."

"Haya basi," alisema bibi, akamsogelea mwenzake kwenye benchi kumpa nafasi. "Kaa."

Eliufoo aliitazama ile benchi ya mbao, akashukuru, akabaki amesimama.