Mate ya Ndahiro

Jumatatu, 2 Oktoba 2023
Binti yangu Akaliza karudi na kichupa. Ati niteme mate, daktari ayapime. Mimi Karekezi, niliyevusha magunia mpakani, Petite Barrière, kabla lami haijafika! Sababu ni marehemu baba. Alikufa akicheza bila ngoma. Mikono ilikwenda yenyewe, kisha mabega, mwisho hata ulimi. Ati hurithiwa. Ikiwa kwangu, huenda iko kwa Akaliza pia. Na hataki kuolewa na Manzi kabla hajajua. Ng'o! Gusaba, siku ya kuja kumposa, ni mwezi ujao, na ng'ombe wameshachaguliwa.

Jumatano, 4 Oktoba
Daktari Kabatesi kanieleza mwenyewe. Mwili wote umeandikwa maneno yaleyale, kidoleni mpaka kichwani, ila kila sehemu huamsha yake na mengine huyaacha yalale. Kwa baba neno moja lilikosewa. Ubongo ukalisoma kimyakimya miaka yote, mpaka ukaharibika. Nikauliza nani hasa analisoma. Akasema hakuna mtu, linajisoma.
Sikupenda. Kitu kinasoma kichwani mwangu, na mimi mwenyewe kusoma bila miwani kunanishinda!
Bon. Iko akili. Ndahiro, baba yake Manzi, fundi cherehani, mzima kama jiwe na majivuno tele. Nikamwambia kliniki inatafuta muzee mwenye akili kuliko wote Rubavu, mate ndiyo yanaonyesha. Nikamdanganya mi nimeshatema, yangu yalikuwa mazito sana. Akaruka: "Lete hapa, we kichwa maji!" Akajaza mpaka povu likamwagika. Jioni nikampa Akaliza kichupa kama mate yangu.
Haha! Nani kama mimi?

Ijumaa, 27 Oktoba
Majibu yamefika. Akaliza kasoma, kakaa sakafuni. Neno bovu lipo.
Lipo!
Donc, basi, ni la Ndahiro.
Akaliza anasema atamwachia Manzi njia. Hawezi kupeleka ugonjwa wetu kwenye nyumba safi kama ile. Nyumba safi! Nikisema mate si yangu, ataniuliza ni ya nani.

Jumamosi, 28 Oktoba
Nimekwenda kwa Ndahiro kujaribu koti la gusaba. Hajaambiwa kitu. Kakaa kwenye cherehani, anashona vifungo kwa mkono, ananicheka. "Karekezi, bega lako moja limeshuka. Umebeba nini, dhambi?" Nikacheka. Halafu nikaona mguu wake. Unakanyaga. Cherehani haina uzi, haina kitambaa, mkanda umetolewa. Juu anaongea na mimi vizuri, chini mguu unaendesha kazi nyingine.
Nikamwambia: Ndahiro, mguu. Akautazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Ukatulia. Akaniuliza polepole ulikuwa unafanya nini. Nikasema mi sijaona kitu.
Nilipofika barabarani nikausikia tena. Kanyaga, kanyaga. Koti nimeliacha hukohuko.

Jumapili, 29 Oktoba
Akaliza analia tangu misa. Anakunja kitenge alichopewa na Manzi, anakikunjua, anakikunja tena. Moyo uliniuma, naandika ukweli. Nikakata shauri. Nikamwambia kliniki imekosea, ilete kichupa kingine. Akanitazama sana. "Papa, safari hii utatema wewe?" Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa uongo.
Nimewaza vizuri. Kosa langu ni moja tu: nilichagua mtu vibaya. Hamdani, mpagazi wa mpakani, ndiye hasa. Baba yake bado yuko hai, anatembea wima, anatia uzi kwenye sindano bila miwani. Ukoo mzima kabisa! Kesho nitamwambia ni shindano la wenye nguvu. Akaliza atafurahi, Manzi ataoa, Ndahiro hatajua, na ng'ombe watakuja. Nani mwingine Gisenyi nzima angewaza hivi?
Maandishi ya leo yamepinda sana. Ni kalamu. Nimebadilisha kalamu, bado yamepinda. Kalamu za siku hizi!